Kioo cha Mama Vifungo Chavuka Bonde

Sogeeni, mpunguze redio, na aliyeko jikoni aepue sufuria, mpate kusikia jinsi Mama Vifungo, mshona nguo, bingwa wa pindo na mshindi wa zipu zilizokwama, alivyolitwaa jua akalituma ng'ambo ya bonde.

Ng'ambo hiyo ilikuwako hospitali, na kwenye ghorofa ya tatu, dirisha la mwisho kulia, alilazwa mdogo wake wa kike, akingoja kupasuliwa saa tatu asubuhi. Wageni walikatazwa, simu zilizuiwa. Mdogo mtu alikuwa ameapa: "Dada, kioo chako kisipomulika mara mbili nikajua upo, sipandi kitanda chao, hata waje na jeshi!"

Basi saa mbili na nusu shujaa akasimama juu ya kiti, kiti juu ya paa, amekumbatia kioo alichokibandua ukutani mwa chumba cha kupimia nguo.

"Ewe mume wangu, nguzo ya nyumba hii, shika kiti!"

"Nimeshika, bibie. Wewe shika jua."

Akanyoosha mkono, akaliweka dirisha kati ya vidole viwili, akaiongoza nuru mpaka ikavigusa vidole vyote viwili, akapiga mwanga mara mbili. Ng'ambo ikajibu papo hapo kwa mwako mkubwa wa fahari.

"Amenijibu!"

Mume akakaza macho. "Mdogo wako ana ndevu siku hizi?"

Lahaula! Lilikuwa dirisha la mwisho kushoto, la jikoni, na mpishi alikuwa akijikinga uso kwa kifuniko cha sufuria. Miaka thelathini fundi huyu amewatazama wateja ndani ya kioo. Akishika kioo tu, kulia kwake huwa kushoto.

Akageuka kulenga upya, na hapo wingu, adui asiye na haya, likalimeza jua. Dakika zikapita. Mume akasogea, akampa bega la kuegemea.

Wingu likapasuka. Akapiga: moja, mbili.



Kisha pazia likavutwa. Muuguzi, ambaye hakuna aliyemwomba, akamwinua mgonjwa taratibu, akamshikisha trei ya dawa inayong'aa. Ikamulika mara moja, ikayumba, ikamulika tena.

Vizazi na vihesabu miaka kuanzia hapo: Jumanne ile, saa tatu kasoro dakika mbili, mwanamke mmoja alikwenda kupasuliwa akijua kwamba anangojwa.