Utabiri Uliochelewa Kutimia

Klabu ya Mabaharia wa Erie ina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Idara yake ya Kuona Mbele imekamilisha Ramani ya Kesho, yaani orodha ya vijana wa vyuoni watakaoitikisa ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, kwa uhakika wa asilimia mia moja na nne. Zile nne za ziada ni za dharura.

Tangazo hilo lilisomwa mbele ya waandishi wa habari na Mkurugenzi wa Idara, Wendell Prusak, mtu mwenye mikono mifupi na suti iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono mirefu. Waandishi waliandika kila neno. Kila mwaka, inapokaribia Siku ya Uteuzi, ambapo vilabu hupokezana zamu kuchagua vijana waliomaliza chuo, Marekani nzima hushikwa na utabiri. Kinyozi anatabiri, padri anatabiri, daktari wa meno anatabiri huku umeachama na huwezi kumbishia. Lakini hao wote ni watu wa mitaani. Wendell alikuwa mtabiri mwenye ofisi, na mtabiri mwenye ofisi hakosei.

Hapa inabidi tuseme ukweli kidogo. Kijana mmoja ambaye Wendell alimwita "mhimili wa karne" sasa anauza mabwawa ya plastiki ya kuogelea kando ya barabara kuu. Mwingine, aliyemwandikia neno moja tu, "Hafai", amekusanya pete za ubingwa mpaka vidole vinamwelemea. Idara ililishughulikia suala hilo kwa uzito. Iliunda kamati, kamati ikala chakula cha mchana, kisha ikabaini kwamba hapakuwa na kosa lolote. Kulikuwa na utabiri uliochelewa kutimia. Yule muuza mabwawa bado ana nguvu zake, na lolote linaweza kutokea.

Mwenyekiti wa klabu, Royce Tillinghast, aliridhika. Yeye alirithi klabu kutoka kwa baba yake, na dada yake Cordelia akarithi kiwanda cha mabakuli ya choo. Kiwanda kinapata faida. Klabu hushika mkia.

Sasa, mwaka huu kulikuwa na jambo moja zito. Chini kabisa ya orodha alikuwamo mlinzi mmoja kutoka chuo kidogo, mojawapo ya yale mapande ya watu ambao kazi yao ni kusimama mbele ya mrushaji mpira na kuhakikisha haguswi na kiumbe. Jina lake Tobin Prusak. Alikuwa mtoto wa Wendell, tena wa pekee.

Wendell aliukabili mgongano huo wa maslahi kama ulivyostahili. Aliacha kumwita mwanawe kwa jina, akawa anamwita Mhusika. Alimpima urefu wa mkono jikoni, mbele ya friji, kwa futi ya kamba ya Idara, na mkono ukapungua kipimo cha Idara kwa upana wa kidole. Kwa sayansi ya Idara, mlinzi mwenye mkono mfupi ni sawa na mlango usio na komeo. Basi Wendell akaandika kwa kalamu yenye nembo ya klabu: "Mhusika ana mikono mifupi, ameirithi kutoka kwa chanzo ambacho Idara haioni haja ya kukitaja. Hafai."

Ijumaa hiyo walikula samaki wa ziwani wa kukaanga, kama nyumba nyingi za Erie. Nje theluji ya Aprili ilikuwa bado inaanguka bila haya.

"Baba," alisema Tobin, "umeniweka wapi?"

"Idara hairuhusiwi kuzungumza na Mhusika nje ya utaratibu."

"Haya, nipitishie viazi basi."

"Hilo linaruhusiwa."

Darlene, mama wa Mhusika, aliweka uma chini. "Wendell, umewahi kukaa ukamtazama huyu mtoto akicheza? Mchezo mzima, mwanzo mpaka mwisho?"

"Idara ina vipimo vyake, Darlene."

"Sijaiuliza Idara. Nimekuuliza wewe."

Wendell alijibu kwamba swali limepokelewa na litafanyiwa kazi.

Wiki iliyofuata watabiri wa vilabu vyote walikutana Indianapolis kwa kikao cha mwisho. Huko, kwenye baa ya hoteli, Wendell alikaa karibu na Lucius Abernathy, mtabiri wa Omaha. Omaha ni mabingwa. Wamekuwa mabingwa mpaka imechosha. Lucius alikuwa amekunywa kiasi cha kumpenda kila mtu.

"Wendell, ndugu yangu," alisema akimshika bega, "wewe ndiye mtabiri mkubwa kuliko sisi wote."

Wendell alikohoa kwa unyenyekevu wa kikazi. "Tunajitahidi."

"Hapana, nasema kweli kabisa! Pale Omaha hatuanzi kazi kabla ya kukusoma wewe. Tillinghast anazimwaga ripoti zako kwenye televisheni ili aonekane msomi, na sisi tunazikata tunazibandika ukutani."

"Kumbe," alisema Wendell, na suti ikaanza kumtosha. "Halafu?"

"Halafu tunafanya kinyume."

Wendell aliweka glasi chini.

"Yule uliyesema hafai, nani alimchukua? Sisi. Yule mhimili wako wa karne, nani alimkimbia? Sisi. Mtu anayekosea mara mojamoja hana faida kwa mtu, kaka. Lakini wewe! Wewe hujawahi kuniangusha." Lucius alikuwa na machozi machoni. "Watoto wangu wamesoma kwa sababu yako."

Wendell alirudi Erie kwa basi akiwa na shukrani hizo kifuani. Jumapili asubuhi, Darlene alipokwenda kanisani, Wendell alifanya jambo ambalo Idara haikuwahi kulifanya. Alikaa kwenye kochi akamtazama Tobin akicheza, kanda ya video baada ya kanda, mchezo baada ya mchezo.

Akaona kwamba ile mikono mifupi ilimfikia adui mapema, ikamshika chini ya kifua na kumwinua kama gunia la viazi. Akaona kwamba kila mrushaji alipoanguka, wa kwanza kumnyanyua alikuwa Tobin, kisha anamfuta majani mgongoni. Darlene aliporudi alimkuta mumewe ameziba uso kwa mto. Wendell alijisikia fahari, na aibu ilikuwa pembeni yake ikisubiri zamu.

Jambo la kawaida lingekuwa kufuta neno "Hafai". Lakini Wendell alikuwa na akili za kutosha, japo zilichelewa kidogo. Akimsifu mwanawe, nchi nzima itamkimbia kama ukoma. Akimponda, Omaha watamgombania. Kwa hiyo alikaa mezani, akavuta pumzi, akamwandikia mtoto wake ripoti ambayo hata adui asingeiandika. Mhusika ni mvivu wa kuamka. Mhusika hasikii la mtu. Mhusika akiona adui anakuja humpisha kwa adabu. Kila mstari ulimkata, na kila alipokatwa aliongeza mwingine ili Lucius asipate shaka.

Tillinghast aliimwaga ripoti kwenye televisheni siku hiyohiyo. Jioni kila kituo kilikuwa na kichwa cha habari kimoja: mtabiri wa Erie amkana mwanawe.

Tobin aliingia sebuleni akiwa bado amevaa koti.

"Mzee, nimesoma. 'Mvivu wa kuamka.' Mimi? Mimi ninayekuamsha wewe kila siku uende kazini?"

Wendell alifungua mdomo. Siri ikitoka nje ya nyumba hii, ndani ya saa moja itakuwa kwa yule kinyozi, na ikifika kwa kinyozi imefika Omaha.

"Idara," alisema, "haina la kuongeza."

"Sijaiuliza Idara, baba."

Tobin alipakia nguo zake kwenye begi la mpira akahamia kwa shangazi yake, na alipofunga mlango aliufunga taratibu, jambo lililomuumiza Wendell kuliko kama angeubamiza. Usiku Darlene alimtupia mume wake mto na blanketi pale kwenye kochi. "Mwambie Mkurugenzi," alisema, "alale salama."

Siku mbili kabla ya Uteuzi, Tillinghast alimpigia Wendell simu. "Mwaka huu usije ofisini. Kaa na familia yako." Wendell aliguswa. Hakujua kwamba mwenyekiti alikuwa ameleta washauri kutoka New York, vijana watatu wenye viatu visivyo na soksi, na kwamba vijana hao walikuwa wamechora chati.

Siku ilipofika, Tobin alikuja kwa ajili ya mama yake. Alikaa mwisho wa kochi, simu mkononi, na kati yake na baba yake palitosha kukaa familia nyingine. Kwa kuwa Erie ilishika mkia, zamu yake ilikuwa ya mwanzo kabisa. Omaha, kama mabingwa, wangefuata mwisho. Wendell alikuwa ameshapiga hesabu: subira kidogo tu, na mtoto ni wa mabingwa.

Ndipo Tillinghast akapanda jukwaani mwenyewe.

"Ndugu zangu," alisema, "kwa utafiti mkubwa, mimi binafsi nimegundua kwamba mtabiri wetu hajawahi kupatia hata siku moja. Kuanzia leo klabu inafuata Sera ya Kinyume. Analosema Prusak, sisi tunalipindua. Na hakuna mtu ambaye Prusak amemponda kama huyu." Alitabasamu kwa kamera. "Tobin Prusak!"

Simu ya Tobin ililia. Hakuipokea. Aligeuka taratibu akamtazama baba yake.

"Baba. Ulijua?"

"Nilijua kuhusu Omaha," alisema Wendell. "Lucius aliniambia. Nikimsifu mtu, amekwisha. Nilitaka wewe uende kwa mabingwa. Nimekosea tena, umeangukia kwetu."

"Kwa hiyo ile ripoti..."

"Niliitazama michezo yako yote, Tobin. Yote. Ile ripoti ya kwanza, ya mikono, niliiandika kwa akili zangu timamu, na ni upumbavu mtupu. Ya pili niliiandika nalia. Unamshika mtu chini ya kifua vizuri sana. Sikuwahi kukwambia."

Simu iliendelea kulia. Darlene alikuwa ameshika kitambaa cha meza kana kwamba meza inataka kukimbia.

"Pokea, mwanangu," alisema mama yake. "Ni bosi."

Tobin aliipokea. Sauti ya Tillinghast ilijaa sebule nzima: hongera, karibu nyumbani, unajisikiaje?

"Samahani, mzee," alisema Tobin, "Mhusika haruhusiwi kuzungumza na klabu nje ya utaratibu. Yuko na baba yake." Akakata, akasogea mpaka ile nafasi ya familia nyingine ikaisha.

Jumatatu Wendell aliitwa ofisini kwa mwenyekiti. Alikwenda na boksi tupu la kuwekea vitu vyake. Chati ya washauri, yenye kila kosa la Wendell, ilikuwa imetundikwa ukutani ndani ya fremu, na Tillinghast alikuwa ameweka miguu juu ya meza.

"Kaa, Wendell. Sera inaanza kazi leo. Mwanao: tumpange kwenye mechi ya kwanza?"

Wendell alilitafakari boksi lake. "Thubutu, bosi. Mtoto mzito yule, akae benchi mpaka aote kutu."

Tillinghast aliandika: anaanza. "Na wewe? Nikufukuze?"

"Nifukuze, bosi. Tena umechelewa."

"Unabaki. Ile ofisi yako ya karibu na choo?"

"Inanitosha. Dirisha lingenisumbua, hasa likiwa la upande wa ziwani."

Tillinghast aliandika, akacheka, akajinyoosha kwenye kiti. Tangu azaliwe hakuwahi kuona uongozi ukiwa mwepesi namna hii. Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua moto, na mtu mwenye furaha hiyo hupenda kusifiwa.

"Haya, la mwisho, na uniambie bila woga. Bodi inanong'ona kwamba nimwachie kiti dada yangu Cordelia, ati kwa sababu kiwanda chake kinapata faida. Wewe unaonaje? Mimi ndiye ninayeifaa klabu hii?"

Wendell alisimama. Alinyoosha mikono yake mifupi ubavuni, akamtazama mwenyekiti wake machoni, kama mtumishi mwaminifu wa miaka mingi.

"Bosi," alisema, "hajawahi kutokea kiongozi kama wewe. Kaa hapo hapo mpaka uzeeke."

Tabasamu la Tillinghast lilianza, likafika katikati, likakwama. Aligeuka kuitazama chati, kisha akaishusha miguu kutoka mezani, mmoja baada ya mwingine.

Klabu ya Mabaharia wa Erie ina heshima kubwa kuutangazia umma kuhusu mwenyekiti wake mpya, Bi Cordelia Tillinghast, pamoja na nafasi mpya ya kaka yake katika idara ya majaribio ya kiwanda cha familia.