Flashi ya Ofisi Yenu na Macho Yangu

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Vitambulisho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na macho wazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, mwaka wa thelathini na moja kazini. Jumanne nilipigwa picha sita ofisini kwenu, na zote nimefumba macho. Karani wako amezikataa, eti picha za marehemu hazipokelewi. Bila kitambulisho sipati pasi ya kusafiria, na bila pasi sitamwona mjukuu wangu wa kwanza, aliyezaliwa ughaibuni mwezi uliopita. Roho inaniuma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Flashi yenu haina adabu. Karakanani kwetu, kabla ya kuwasha moto, fundi hupaza sauti, "Tayari!" na kila mtu hufumba macho. Ndiyo maana bado ninayo yote mawili. Leo naadhibiwa kwa kuyatunza!

2. Picha hizo karani amezihifadhi kwenye flashi, akaining'iniza shingoni. Yaani flashi moja imenifumbisha macho, nyingine inazunguka na ushahidi. Tena binti yangu ananiflashi kila jioni, nimpigie nimweleze nimefikia wapi. Nimweleze nini?

3. Mke wangu ananitambua kila alfajiri nikiwa nimefumba macho, mwaka wa ishirini na tisa huu, na hajakosea mume hata siku moja. Askari wa mpakani ana macho gani ya kumshinda yeye?

4. Kwa hiyo naomba nipigwe picha nimevaa kofia yangu ya kuchomelea. Humo ndani nitafumbua macho, naapa. Ikishindikana, basi wananchi wote wapigwe upya wakiwa wamefumba, tuwe sawa.

Nisalimie mlinzi wa getini (bawaba zake zinalia, nitazitazama), mama wa usafi, na hata karani.

Wako mtiifu, mwenye macho mazima,
Fundi Cheche

Tanbihi: Mke wangu, aliyenisindikiza siku ile, ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema flashi yenu ni mbovu, imebandikwa karatasi inayosema hivyo; picha zote sita zilipigwa kwa mwanga wa dirisha. Ila kila mara, kabla ya kubonyeza, mpiga picha alisema, "Tayari!"

Nitarudi Jumatatu. Tafadhali mwambieni anyamaze.