Nimepeleka Mama Buko ku Kanisa Kinyumanyuma

Bandugu, leo haya imenikamata mu shingo. Naandika hii nikiwa nimejifungia mu douche (bafu) ya baba buko, maana inje banacheka mpaka banakaa chini.

Nianze ku mwanzo. Baba ya muke yangu, yule naitaka baba buko, iko na gari ya sport ya zamani. Nyekundu, milango mbili, moteur iko kwa nyuma. Njo ile alikuwa anaendesha wakati anachumbia muke yake, mama buko. Kisha ikakufa, ikalala mu parcelle, uwanja ya nyumba yake ya Makomeno, miaka mingi, kuku banatagia mule ndani. Mimi njo fundi (ni mimi najiita hivyo, sasa sijue tena). Miaka mbili, kila dimanche kisha misa, nilikuwa chini ya ile gari. Nilifungula moteur yote, nikabadirisha pistons, nikapasula boîte de vitesses (sanduku ya gia) vipande vipande juu ya meza, nikairudisha. Zikabakia vis (skrubu) mbili. (Vis mbili si kitu! Kila fundi iko na zake mbili.)

Baba buko akasema mbele ya famille yote: "Samedi tunafanya miaka makumi ine ya ndoa. Kama ile gari inafikisha mama ku kanisa, iko yako. Kama hapana, lundi, siku mbili kisha, nauzisha ku ba mitraille, bale ba vyuma bikuukuu, baikatekate."

Bandugu, ile gari naipenda. Naipenda kupita... (muke yangu anasomaka hapa, niishie pale).

Sasa nani ataendesha? Baba buko, goti yake haikunje tena. Bashemeki, bandugu ya muke yangu, habaijue ile gari. Nabakia mimi. Na njo hapa matata ilianzia: kwetu, mukwe haangalie mama buko mu macho. Hamupe mukono, hakule naye. Miaka tisa niko mukwe mu ile nyumba, mama hajanisemesha hata neno moja. Akitaka kitu, anaambia muke yangu, muke yangu ananiambia, hata kama niko pale pale nasikia.

Tukakaa kikao. Tantine Véro, dada ya baba buko, akakata maneno: "Mama atakaa ku kakiti kadogo ka nyuma, na kitenge ku kichwa. Mukwe ataangalia mbele. Akiangalia mbele ataona nini? Njia tu!"

Bote bakapiga makofi. Mupango muzuri sana. Ulikuwa unaomba kitu kimoja tu: gari iende mbele.

Na essai, kuijaribu gari, nilifanya, musiseme sikufanya! Jana, gari ingali juu ya matofali, niliwasha moteur, nikatia vitesse ya kwanza, magurudumu ikazunguka. Nikacheza peke yangu mu parcelle. Inazunguka upande gani, sikuangalia.

Leo asubui bashemeki bakasukuma gari mpaka mu avenue, imejaa maua, pua inaangalia kwenye kanisa. Baba buko alisha kutangulia. Mama akaingia nyuma, akajifunika kitenge. Bamama ya chorale bakajipanga nyuma ya gari, banaimba. Nikawasha. Moteur ikalia vizuri, machozi ikanitoka. Nikatia ya kwanza, nikaachia pedali ya embrayage (klachi).

Gari ikarudi nyuma.

Chorale ikatawanyika! Sauti ya kwanza mu mufereji, sauti ya pili mu lupango, mu uwanja ya jirani. "Eeeh Yesu!" Nikapiga frein. Labda nimekosea levier ya vitesse? Nikatia ya pili. Nyuma tena, na mbio zaidi. Ya tatu sikujaribu, Tantine Véro alikuwa angali anatafuta kiatu yake mu njia.

Shemeki Papy akakimbia ku dirisha: "Shemeki, kanisa ni kule!"

"Najua!"

"Sasa unaenda wapi?"

"Nageuza!"

Na kweli nikageuza. Akili iliniambia: kama gari inataka kwenda nyuma tu, basi mugongo yake njo iangalie kwenye kanisa. (Hii akili, mwenye kuitaka akuye aikamate, ni bule.) Nikageukia ku croisement ya njia, tukaanza safari. Lakini muntu mwenye kuendesha kinyumanyuma anaangalia wapi? Nyuma. Na nyuma kuko nani?

Mama buko.

Nikajaribu rétroviseur, kioo ya kuangalia nyuma: maua tu. Nikatoa kichwa ku dirisha: taxi-moto nusura ikibebe. Sina njia. Nikageuka, mukono juu ya kiti, nikaangalia kile kitenge. "Pardon, mama." Tukaenda hivyo avenue tatu, mimi namukazia uso sawa vile namuchumbia, bantu ku barabara banapiga miluzi, banafilmer. Kufika ku rond-point, pale njia zinazunguka, upepo ikaingia, ikabeba kitenge.

Macho yake mu macho yangu. Miaka tisa! Nikasimamisha gari katikati ya rond-point. Polisi ya roulage, yule wa barabarani, akakuya.

"Papa, unaenda wapi hivi?"

"Mbele, chef."

"Mbele iko kule."

"Najua, chef. Ni gari njo haijue. Vitesse zote zinarudi nyuma."

Ba taxi-moto bakatuzunguka, bakazima moteur zao basikie vizuri. Mu akili nikaona ba mitraille wa lundi na misumeno yao. Bandugu, nikaanza kulia, muntu muzima mwenye kuvaa costume (suti). Njo nikasikia kwa nyuma sauti yenye haijanisemesha hata siku moja, nzito, imejikaza miaka tisa:

"We mutoto. Marche arrière ulijaribu?"

"Hapana, mama. Kama ya mbele inatupeleka nyuma, ya nyuma itatupeleka wapi?"

"Tia."

Nikatia marche arrière. Gari ikaenda mbele.

Rond-point yote ikapasuka kicheko. Polisi alikaa chini ku bordure ya njia, kofia mu mikono. Kumbe mu boîte kuko gurudumu munene wa meno, nilimufunga upande wenye haiko wake, njo kila kitu kikageuka: vitesse ine za kurudi, moja ya kwenda. Na ile moja tukafika ku kanisa polepole, chorale inatupita na miguu.

Baba buko alikuwa ku mulango. "Imefika. Iko yako." Kisha akauliza mama gari inatembea namna gani. Mama akajibu mbele ya bote, padri pia:

"Gari iko muzuri. Fundi njo wa kufungula tena."

Musicheke, tafazali. Na wewe wa Naviundu mwenye nilikufungia boîte juzi: mbele ya kuwasha, ona kwanza kama nyuma hakuna muntu.