Kifungo cha Maisha, Kidonge Kimoja kwa Siku

Redio alifika kijiweni povu la sabuni likiwa bado linamkaukia vidoleni. Alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti cha kunyolea, kidevu kimenyolewa nusu. Simu ameiinua juu kama mtu anayetafuta mtandao angani.

"Jamani, jamani! Mgeni rasmi kadondoka!"

"Kadondoka wapi?" Hakimu akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Jukwaani! Mkutano wa afya! Alikuwa anawahimiza wananchi wapime presha mapema. Kufika kwenye neno 'mapema', puu! Chini! Wamempima palepale, kwa mashine ileile aliyokuja kuizindua."

"Basi imezinduliwa," Hakimu akasema.

Benchi zima likacheka. Kijiwe chenyewe kilikuwa ni hilo benchi moja, mbele ya kibanda cha kuziba pancha, kati ya duka la kinyozi na karakana ya seremala. Kinyozi ndiye huyo Redio, anayenyoa kwa mkono mmoja na kutangaza kwa mwingine. Seremala ndiye Hakimu. Mahakamani aliingia mara moja tu maishani, kupeleka viti, lakini tangu siku hiyo hakuna jambo linalopita mbele yake bila kutolewa hukumu. Na pembeni, na birika lake na ndoo yake ya kuoshea vikombe, alikaa Bi Kahawa, mwanamke aliyejua siri za wanaume wote wa mtaa ule kwa kuwa walisahau kwamba naye ana masikio.

Mwenye kibanda hakucheka. Aliinamia karai la maji akizungusha mpira wa baiskeli, akitafuta tundu. Kila mtu alimwita Upepo, hata mkewe, siku asizokuwa na hasira. Tangu alfajiri kichwa kilikuwa kinamgonga kwenye kisogo, gwa, gwa, gwa, kama mtu anayepigilia rimu. Hakumwambia mtu.

"Fundi, mbona kimya?" Redio akamgeukia. "Wewe si ndiye bingwa wa presha hapa? Si ulitwambia wamekukuta na mia na themanini?"

"Kwa mia na kumi," Upepo akasahihisha, kwa fahari kidogo, maana namba kubwa ni namba kubwa. "Lakini hayo yamekwisha. Nimepona."

"Umepona?" Bi Kahawa akaweka birika chini. "Presha?"

"Dada, mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye presha. Ya malori, ya pikipiki, ya mikokoteni. Nesi ana miaka mingapi? Wamenipa vidonge, nimemeza siku tisa. Siku ya tisa nikaenda kupimwa: mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili. Sawasawa kabisa. Sasa niwaulize swali moja: tairi limejaa kupita kiasi, unalitoa upepo, geji inasoma vizuri. Unaendelea kulitoa upepo?"

"Utakuwa umerukwa na akili," Redio akasema.

"Utabaki na rimu," Hakimu akaunga mkono.

"Basi mimi sitaki kubaki rimu. Nimeacha."

Bi Kahawa akatikisa kichwa. "Na nesi alikwambiaje?"

Hapo Upepo akanyanyuka, mikono inachuruzika maji. "Alichoniambia ndicho kilichoniudhi. Namuuliza kwa heshima zote, 'Binti yangu, hizi nitakunywa mpaka lini?' Ananijibu huku anaandika, hata hanitazami: 'Hizi ni za maisha, baba.'"

"Maisha!" Hakimu akakiweka kikombe chini kwa kishindo. Hapo ndipo alipokuwa anapangojea. "Kifungo cha maisha! Kesi imesikilizwa lini? Mashahidi wako wapi? Mshtakiwa kajitetea?"

"Sikupewa nafasi."

"Kosa?"

"Chumvi."

"Chumvi!" Hakimu akawageukia wenzake kama wazee wa baraza. "Kuna watu wameiba ng'ombe wakapata miezi sita. Huyu kaongeza chumvi, maisha! Hukumu inatenguliwa. Mshtakiwa yuko huru."

"Na bora ameacha," Redio akasogeza kichwa karibu, sauti akaipunguza ikawa ya kusikika nyumba tatu tu. "Zile dawa, ndugu yangu, zinazima taa. Unaingia chumbani mwanaume, unatoka mjomba. Kuna mteja wangu mmoja, sitamtaja, mnene, ana duka la rangi pale kona, sitamtaja..."

"Umeshamtaja," Bi Kahawa akasema. "Na nikuulize, Redio. Mume wangu anameza vidonge vya presha mwaka wa sita huu. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka minne. Nani aliwasha hiyo taa?"

Hakimu kahawa ikampalia. Redio akatazama mbele, akatazama nyuma, akasema, "Taa za zamani zilikuwa imara."

"Mwone! Na anayeona dawa imembadilikia anarudi kwa daktari amtafutie nyingine, haji kuomba ushauri kwa kinyozi. Fundi, acha kuwasikiliza hawa. Mkeo anajua kwamba umeacha?"

Upepo akarudi kwenye karai lake.

Mkewe hakujua. Aliyejua nusu yake ni kitinda mimba wao, wa miaka mitano, aliyejipa kazi ya kuhesabu. Kila asubuhi alimletea baba yake kikombe cha maji kwa mikono miwili, ulimi nje kwa umakini, asimwage. "Baba, leo cha saba." "Baba, leo cha nane." Siku ya kumi Upepo akamwambia vimekwisha. Mtoto akapiga makofi. "Umepona!" Na Upepo akacheka naye, akambeba mabegani, lakini furaha ile haikumkaa vizuri moyoni.

Maana baba yake mwenyewe alianguka akiwa na miaka hamsini na mbili. Mtu aliyekuwa akichekesha harusi nzima mpaka bibi harusi anaomba apewe maji. Aliishi miaka minne zaidi, upande mmoja umekufa, na katika maneno yake yote yale lilimbakia moja tu: kesho. Akitaka maji, kesho. Akitaka kugeuzwa, kesho. Akimwona mjukuu, machozi, na kesho. Upepo mwaka huu alikuwa anaingia hamsini. Hesabu hiyo hakuhitaji mtu wa kumhesabia.

"Nasema hivi," Hakimu alikuwa bado anaendelea, "mwili una akili zake. Ukiuzoesha dawa, unakuwa kama mfanyakazi wa serikali, haufanyi kitu mpaka uandikiwe barua. Mimi tangu majuzi kichwa kilikuwa kinanisumbua, lakini sikwenda kokote..."

Hakumaliza. Pikipiki ilikuwa inasukumwa kuja upande wao, kreti la mikate limefungwa nyuma, tairi la nyuma limelala chapati. Anayeisukuma alikuwa mama wa mikate, jasho linamtoka, kanga ya kichwani imeteremka mpaka kwenye nyusi.

"Fundi, limelala tena!"

"Shikamoo kwanza ingetangulia, mama," Redio akasema.

"Nikusalimie wewe, mwenye umri wa mdogo wangu? Fundi, jaza niende, mikate inapoa."

Upepo akalitazama tairi akasonya. "Mama, jana nilikwambiaje? Mpira huu wa ndani una viraka vinane, na pale penye vali panavuja polepole, hapashiki kiraka. Mpaka upate mwingine, kila asubuhi uje nijaze. Leo umetoka bila kupita hapa, sivyo?"

"Sasa nipite ya nini? Jana jioni umelipima mwenyewe, ukasema liko sawa."

"Lilikuwa sawa, ndiyo."

"Basi kitu kiko sawa, mimi nije nikisumbue cha nini?"

Upepo akasimama wima. Uvumilivu wa miaka ishirini na mbili ulimwishia palepale.

"Mama yangu, hebu nisikilize kwa makini! Lilikuwa sawa kwa sababu nililijaza! Halikupona! Ukiona geji imesoma vizuri jioni, ile ni kazi ya upepo wa asubuhi. Tundu liko palepale, halijaenda likizo! Wewe unaona namba nzuri unajidanganya kwamba ugonjwa umekwisha, unaacha kujaza, halafu siku moja katikati ya barabara, lori liko nyuma yako, linalala! Unaanguka wewe, inaanguka mikate, na watoto nyumbani wanangoja! Kwa nini? Kwa sababu geji ilisoma vizuri!"

Kompresa ya kujazia upepo ikajizima yenyewe, tiki, naye akakatisha.

"Endelea, fundi," Bi Kahawa akasema taratibu. "Usikatishe. Sote tunajifunza."

Upepo alikuwa ameshika geji mkononi. Akaitazama.

"Kwani nimesema nini?" mama wa mikate akauliza, kwa wasiwasi.

"Wewe hujasema kitu, mama," Redio akamjibu. "Kajisema mwenyewe."

Hakimu akakohoa kidogo. "Mahakama inabainisha kwamba mshtakiwa amekiri bila kulazimishwa."

"Kichwa kimerudi," Upepo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Redio akainama kumsikia. "Tangu alfajiri. Hapa nyuma. Na bisibisi imenidondoka mkononi mara mbili leo."

Hakuna aliyecheka. Hata Redio simu aliirudisha mfukoni, jambo ambalo halijawahi kuonekana saa za kazi.

"Vidonge viko wapi?" Bi Kahawa akauliza.

Upepo akamgeukia Hakimu. Hakimu akaanza kukagua misumari kwenye kiatu chake.

"Nirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Wewe unajua nini. Juzi ulisema kichwa kinauma, nikakupa kibahasha chote, nikakwambia chukua mimi nimepona."

"Hakimu!" Bi Kahawa akasimama na kijiko mkononi. "Umemeza dawa ya presha ya mtu mwingine?"

"Kichwa ni kichwa," Hakimu akajitetea, akitoa kibahasha kwenye mfuko wa shati, kimeviringishwa ndani ya kipande cha msasa. "Na nilikuwa nameza viwili viwili, maana changu ni kikubwa. Lakini ajabu moja, jamani, na nasema hili hapa kwa kuwa ni sisi tu: tangu juzi nikiinuka ghafla naona nyota, magoti yanalegea, moyo unakwenda mbio. Nikasema, huyu ni yule mjane aliyeniagiza kabati. Nimependa."

"Mapenzi gani hayo yanakupata ukisimama na kukuacha ukikaa?" Bi Kahawa akauliza.

Hakimu akafikiri. Sura yake ikaanguka taratibu kama turubai lililokatwa kamba. "Kwa hiyo siyo mjane?"

"Siyo mjane, baba! Presha yako imeshuka mpaka kwenye soksi! Utakwenda kupimwa leo hii, na huyu mwenzako."

Upepo alikwishatoa kidonge kimoja. Akainama kwenye karai la kutafutia pancha, akachota maji kwa kiganja, meusi, yana harufu ya mpira. Bi Kahawa akampiga mkono maji yakamwagika.

"Upone presha ufe kipindupindu? Shika haya." Akampa kikombe cha maji safi.

Akameza. Koo lilipanda, likashuka. Kisha akalijaza tairi la mama wa mikate, akapima, akakaza kifuniko cha vali.

"Litapona kweli hili, fundi?" mama akauliza.

"Halitapona. Lakini litakufikisha. Na asubuhi usinipite."

Mama akawasha pikipiki, akaenda na mikate yake. Upepo akachomoa waya wa kompresa, akafunga kibanda saa nne asubuhi, kitu ambacho hata siku ya msiba hakukifanya. Akapangusa mikono.

"Nitamwambiaje yule binti? Kwamba niligawa dawa kama karanga?"

"Utamwambia hivyohivyo," Bi Kahawa akasema. "Atafoka. Akimaliza kufoka, mwulize mara ya pili maana ya 'za maisha', na safari hii akutazame usoni."

Upepo akamshika Hakimu kwapani, akamwinua polepole, hatua kwa hatua, mpaka nyota zikapita. Wakaanza kwenda.

"Mwende salama!" Redio akawapungia, akijinyoosha kwenye benchi lililobaki lake peke yake, kikombe cha kahawa mkononi. "Mkitoka huko mniletee habari."

"Si uende nao upimwe?" Bi Kahawa akamuuliza.

"Mimi?" Redio akajipiga kifuani, pa, pa. "Mimi sina presha, dada. Miaka arobaini na sita hii sijawahi kupima hata mara moja!"

Bi Kahawa akainuka. Akamnyang'anya Redio kikombe, akaimwaga kahawa chini, akamwonyesha njia waliyopita wenzake. Na kutoka dukani, yule mteja wa kidevu nusu akatoa kichwa nje akasema, "Nenda tu, bwana. Mimi nimeshazoea kusubiri."