Yah: Majibu ya Migomba Yaliyonifanya Dada wa Mume Wangu

Kwa Mtafiti Mkuu,
Mradi wa Kutafuta Asili ya Migomba.

Ndugu Mtafiti Mkuu,

Natumaini hamjambo hapo maabara na vinasaba vinasomeka vizuri. Sisi huku, nje kidogo ya Ushirombo, ni wazima, isipokuwa mimi ambaye tangu mlipotuletea majibu sina mume. Mniwie radhi kwa mwandiko. Mtoto yuko mgongoni na anavuta kalamu.

Mimi ni Elieth, Mama Goodness. Ndimi niliyewachemshia chai wataalamu wenu walipokuja kukata vipande vya majani kwenye migomba ya mama mkwe wangu, Mama Suzana. Walikuwa na adabu, vikombe walirudisha wenyewe. Walitueleza kwamba vinasaba ni kama ukoo, ukivisoma unajua mgomba huu ni wa nani na ulitoka wapi. Mama Suzana alifurahi mno, maana miaka yote anasema mgomba wake aliuleta babu mkwe kutoka Karagwe akiwa ameubeba kichwani, na kwamba hauna mwenzake. Kisha wakaenda kukata na kwa mama yangu mzazi, kijiji cha jirani.

Majibu yalipokuja, mtaalamu wenu alisimama ofisi ya kijiji akatusomea kwamba mgomba wa Mama Suzana na mgomba wa mama yangu haina tofauti. Ni mgomba mmoja tu, ulienea kwa watu kupeana machipukizi. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Malalamiko yangu yanaanzia hapo. Nayapanga kwa namba ili msichoke.

1. Hamkuuliza chini ya mgomba kuna nini. Huku kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa kwenye shina la mgomba wa nyumbani, na mgomba huo ndio ukoo wake. Cha mume wangu Wilbard kiko kwa Mama Suzana. Changu kiko kwa mama yangu. Kumbe, kwa maelezo yenu, viko kwenye shina moja. Mzee Telesphori, baba mdogo wa Wilbard na msemaji wa ukoo, aliliona hilo kabla makofi hayajaisha. Alisema watu wa mgomba mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Nilikwenda mkutanoni nikiwa mke wa mtu, nikarudi dada yake.

2. Ukoo umekaa na kuamua kwamba mimi nirudi kwetu, Goodness abaki, kwa sababu kitovu chake kiko hapa. Niliwaeleza kwamba kama mgomba ni mmoja, basi kitovu chake kiko kwa mama yangu vilevile. Wakaniambia nisitumie sayansi vibaya. Ndugu Mtafiti, mtoto huyu halali bila kushika sikio langu. Sijui kama hapo maabara mna kipimo cha jambo hilo.

3. Wilbard yuko duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, upande wa Geita. Mwaka mzima namtumia ujumbe: homa ya mtoto, bati lililoezuliwa na upepo. Hajibu. Anasema mtandao haushuki shimoni, nami nimekubali, kwa sababu shimoni sijawahi kushuka. Lakini majibu yenu yalimfikia jioni ileile. Alipiga simu akaniita "dada yangu" kwa upole ambao sijausikia tangu uchumba. Alisema imemuuma sana, lakini sayansi ni sayansi. Nyuma yake nikasikia mtu akimwambia chakula kinapoa.

4. Mtu huyo ni Rhoda. Sina ugomvi naye, huenda anapika vizuri. Ila ni mwenyeji wa Samuye kule Shinyanga, kwenye ng'ombe na mtama, ambako ukiona mgomba basi umepandwa penye maji machafu ya bafu. Kwa hiyo Rhoda hana mgomba, na asiye na mgomba hana undugu na mtu. Vijana wetu sasa wote wanaulizia wachumba Samuye. Kwa heshima nauliza, kwa nini ninyi hamkwenda huko? Mnapima wenye migomba tu, mnatuacha sisi tukiwa dada, wenzetu wanabaki wachumba. Naomba wataalamu wenu wafike kwa akina Rhoda na watafute vizuri nyuma ya bafu. Hawawezi kukosa hata mmoja.

5. Kanisani nako hakufai. Jumapili Katekista Marselino alitangaza ndoa ya vijana wawili, akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Mzee mmoja wa kwaya akasimama na kusema, "Mgomba wao ni mmoja." Ndoa imesimama. Katekista mwenyewe na mkewe wanakaa mabenchi tofauti mpaka ieleweke. Mtaalamu wenu alishasema kwamba migomba hii ya ndizi za kupika, nchi zote za maziwa, karibu yote ni ndugu wa damu. Tukifuata hivyo, kutoka hapa mpaka Uganda hakuna mtu aliyeoa. Tena akamalizia kwamba mwanzo wake kabisa ni Asia, ng'ambo ya bahari. Mama Suzana hali vizuri tangu siku ile. Anatuuliza babu mkwe alipitia wapi.

6. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtaalamu wenu alieleza kwamba ndizi hizi hazina mbegu, chipukizi halina baba, linatoka ubavuni mwa mama yake. Nikaona nimepona. Nikasimama nikasema kwamba kwa hesabu ya mgomba, basi Goodness ni wangu. Mzee Telesphori akajibu kwamba migomba ni migomba na watu ni watu. Nikamuuliza tangu lini. Akageukia ajenda ya choo cha shule.

Kwa hayo, naomba mvisome tena vile vinasaba, polepole, kwenye mwanga mzuri, mpaka mwone tofauti. Siombi kubwa. Hata iwe ndogo kama ncha ya ukucha, itanitosha kubaki na mtoto wangu. Mkiipata, mje muiseme mbele ya Mzee Telesphori, na karatasi iwe na muhuri, maana bila muhuri yeye haoni vizuri. Kama haiwezekani, basi tangazeni redioni kwamba nchi nzima tumeachana, ili tuwe sawa.

Msalimieni mtaalamu aliyekuja, mwambieni simlaumu, alisoma alichopewa. Wasalimieni walinzi, wapishi na wote wanaomwagilia migomba hapo kituoni, hasa kama kuna waliooana. Mama Suzana naye anawasalimu, ila ameniomba nisiandike.

Ni mimi niliye dada kwa lazima,
Elieth, Mama Goodness.

Nyongeza: Tafadhali msivisome tena vile vinasaba. Viacheni hivyohivyo.

Barua hii ilichelewa kwa kukosa mtu wa kuipeleka mjini, na jana ukoo ukaja kunitenganishia vyombo vya kuondoka navyo. Nilikuwa na beseni kichwani. Nikamuuliza Mzee Telesphori, kwa adabu tu, binti wa ukoo huu ndoa yake ikivunjika huwa anakwenda wapi. Hakufikiri hata kidogo, ni mambo anayoyaamua kila siku.

"Anarudi nyumbani kwao," akasema. "Nani atamfukuza?"

Nikatua beseni, nikapiga goti. "Shikamoo, baba. Nimeshafika."

Alitazama watu, watu wakatazama mahindi. Mama Suzana ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alibeba beseni langu akalirudisha ndani, akaniambia kama mimi ni binti yake basi niache kuzurura na vyombo vyake nje.

Kwa hiyo majibu yenu ni sahihi kabisa, naomba nakala yenye muhuri. Wilbard anakuja mwisho wa mwezi. Nitamkaribisha kama kaka, nitamtandikia chumba cha wageni, na asubuhi nitamuuliza mbele ya mama yetu ni mjomba gani huyu, mwaka mzima hajui mpwa wake anavaa viatu namba ngapi.