Funguo Kumi na Mbili za Msomi

Siku hiyo Msomi aliingia kwenye duka la intaneti kwa shughuli ya halali kabisa, jambo ambalo kwake lilikuwa la nadra: alikuwa anajikinga na mvua. Kwenye mashine ya jirani alikaa mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari ya mtaa ule, ameshika tama. Alikuwa anamlalamikia mwenye duka kwamba tangu asubuhi anatafuta tovuti ya kuwaeleza wanafunzi namna miamba inavyojipanga chini ya ardhi, na kila anapobonyeza anaishia kwenye matangazo ya dawa za kupunguza tumbo.

Msomi akaacha kutazama mvua.

Ni vizuri ieleweke kwamba jina hilo hakulipata shuleni. Shule aliiacha kidato cha pili, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Jina alipewa na majirani kwa sababu ya miwani yake ya vioo vitupu na kalamu tatu mfukoni mwa shati, mbili zikiwa zimekauka.

Kwa siku tatu alikaa kwenye duka lile akitafuta tovuti za masomo. Alipata moja ya fizikia ambayo mwanafunzi anafanya jaribio kwa kidole tu kwenye kioo, nyingine inayokokotoa hesabu hatua kwa hatua bila kumkaripia mtu, nyingine yenye mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu. Zote zilikuwa za bure, wazi kwa kila mwenye simu. Zilizoeleza ovyo alizitupa. Kwenye moja ya biolojia, iliyoeleza kazi ya figo, alinogewa akaisoma hadi mwisho, akasahau kabisa kwamba yuko kazini kuibia watu. Zikabaki kumi na mbili. Akazichapisha kwenye karatasi nzuri, na kila moja akaitungia neno la siri ambalo halikufungua chochote, kwa kuwa hakukuwa na kilichofungwa.

Mkuu wa shule alimpokea ofisini. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda mno kuwa na kitu ambacho wenzake hawana. Msomi alimsoma mara moja, akasogeza kiti na kushusha sauti.

"Mkuu, hizi ni funguo. Natoa kwa shule moja tu. Nikikupa wewe, wengine wote watabaki kuchungulia dirishani."

Mkuu akamwomba arudie hapo kwenye dirisha.

Walimu wakaitwa, Msomi akazifungua tovuti moja baada ya nyingine mbele yao. Mwalimu wa jiografia alipoona miamba imepangwa kwa rangi, safu juu ya safu, machozi yalimlengalenga. Mwalimu wa kemia, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ndiye pekee aliyekuwa na swali: je, mtu asipoweka neno la siri inakuwaje?

"Utaona kurasa, mama," alisema Msomi, "lakini hazitakuwa na nguvu."

Mama yule akamshukuru kwa maelezo, akanakili zote kumi na mbili kwenye daftari lake, kisha akamwomba mkuu watoke nje kidogo.

Mkuu alirudi uso umekunjuka. Alieleza kwa masikitiko kwamba pesa taslimu shule haina, ila stoo ziko kompyuta ishirini za mezani ambazo hazijaguswa kwa miaka. Je, mtaalamu atakubali hizo? Moyo wa Msomi uliruka, lakini uso wake ukaonyesha maumivu makubwa. Akavua miwani, akaifuta, akasema kwa ajili ya elimu ya watoto atajitoa mhanga. Mwalimu wa kemia akaleta karatasi ya makabidhiano. Msomi akajaribu kalamu ya kwanza, akajaribu ya pili, akasaini kwa ya tatu bila kusoma neno.

Alikodi pikapu kwa akiba yake yote. Wanafunzi walipozitoa kompyuta stoo, kila mmoja amebeba mbili kwapani huku anapiga mluzi, Msomi akasifu afya zao.

Fundi wa kompyuta aliyepelekewa mzigo dukani kwake alifungua ya kwanza, akaiweka pembeni. Akafungua ya pili, akatoa kiatu cha mguu wa kushoto. Ya tatu ilikuwa na kiota, na mwenye kiota alikuwa bado anakitumia.

"Bwana," alisema fundi kwa upole, "hizi si kompyuta. Haya ni masanduku."

Msomi akapiga simu shuleni. Aliyepokea ni mwalimu wa kemia.

"Vya ndani vilitoka zamani, mwanangu, wanafunzi walijifunzia ufundi. Makasha yamekosa mtu wa kuyaondoa miaka minne. Soma mstari wa tatu."

Akasoma. Makasha matupu ishirini. Mchukuaji atayaondoa kwa gharama yake mwenyewe na hatayarudisha.

"Na tovuti zangu?" aliuliza, na safari hii maumivu yalikuwa ya kweli.

"Tunajua ni za bure. Lakini mimi nilikuwa nazijua mbili tu, kumi umetutafutia wewe. Umechagua vizuri sana. Kidato cha tatu wamekataa kutoka darasani."

Kabla hasira haijafika, Msomi alihisi kitu kama fahari, akashindwa akiweke wapi. Fundi naye alikuwa anamwuliza masanduku yataondoka saa ngapi, maana yameziba mlango wa wateja.

Simu ikaita tena. Alikuwa mkuu wa chuo cha ushonaji cha mtaa wa pili. Amesikia, alisema, kwamba kuna bwana anaondoa mashine mbovu bila malipo, na kwao zimejaa cherehani arobaini.

Msomi alikaa juu ya sanduku lililokuwa karibu, akafikiri.

"Hizo cherehani," aliuliza, "zina kitu ndani?"