Mtungi Juu ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Agosti 1998

Kompyuta imezimika tena! Mimi na baba mdogo Mihayo tuliiunganisha wenyewe, kipande kwa kipande, katika karakana yake ya redio huko Mirongo. Sasa kifeni kinachopoza chipu kuu kimekufa, na chipu inachemka kama uji.

Maonyesho ya shule ni Jumamosi. Baba ametamka mbele ya ukoo: mashine ikiwaka mpaka wageni waondoke, mwakani nitasoma fizikia. Ikizimika, sayansikimu. Yaani maandazi mpaka Kidato cha Nne!

Bushra, ambaye kwa bahati mbaya dawati lake liko mbele yangu, amesema kaka yake Nurudin anauza vifeni, ataniletea kimoja. Nimemshukuru kwa adabu. Feni! Feni ni ya vinyozi. Maji hubeba joto zaidi kuliko hewa, kila aliyefungua kitabu anajua.

Jumatano, 5 Agosti

Shangazi Dorotea, nesi, amenipa mpira wa dripu. Baba mdogo amenichomelea kisanduku cha bati cha kukaa juu ya chipu, huku akiniuliza tena na tena kama kweli sitaki feni. Masikini. Amezoea redio.

Maji yanatoka kwenye mtungi wa bibi, juu ya kompyuta, yanapita kisandukuni, yanaishia kwenye ndoo sakafuni. Nilivuta mpira kwa mdomo ili yaanze kushuka. Nikanywa kiasi. Yakashuka! Kompyuta imewaka mchana kutwa. Chipu baridi kama tumbo la chura!

Bushra alipita akauliza kama mgonjwa wa dripu atapona. Wivu.

Ijumaa, 7 Agosti

Bibi amekubali mtungi uende shuleni, ila hautembei peke yake. Atausindikiza. Nimemfundisha kanuni zote za joto, akaitikia "eeh" kila nilipopumua. Ana akili kuliko Bushra. Aliuliza jambo moja tu: wageni watakuwa wengi? Nikasema wengi mno. Akafurahi, akausugua mtungi upya.

Jumamosi, 8 Agosti

Aibu!

Ukumbi ulikuwa tanuri. Mashine iliwaka vizuri. Nikaupa mtungi mgongo ili nimweleze mgeni rasmi habari za joto. Nyuma yangu bibi akamwona mzee mmoja akijifuta jasho. Kwa bibi, mgeni haketi na koo kavu. Akachovya kata. "Karibu maji, baba." Kisha wa pili. Kisha ukumbi mzima! Mgeni rasmi akaniacha katikati ya sentensi, akaenda kupanga foleni, akanywa, akarudia. Kuhusu joto hakuna aliyeuliza.

Mpira ukakoroma. Kioo kikawa cheusi.

Nikamwambia bibi kwamba amewanywesha watu fizikia yangu. Akanitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, hicho kidude kilisema kina kiu?"

Bushra akatoa kifeni mkobani. Alikuwa nacho wiki nzima! Akaking'oa kisanduku changu, akafunga kifeni chake, mashine ikawaka. Makofi. Zawadi ya kwanza: Bushra. Kwa kupuliza!

Baba aliubeba mtungi mtupu mpaka nyumbani. Mlangoni akasema nitasoma fizikia, tena bila mjadala, kwani hajaona mtoto anayeihitaji kama mimi. Nilijua ataona kipaji.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya ibada nimeyatafakari makosa yangu kwa moyo mnyofu. Nimepata moja: mtungi ulikuwa mdogo.

Bushra ameniachia kifeni moja kwa moja, eti tuwe marafiki. Nimekichomoa.

Kutoka dirishani naliona ziwa zima limelala bure. Hilo, kata ya bibi haitalimaliza. Kinachotakiwa ni mpira mrefu tu. Ni kweli ziwa liko bondeni na sisi tuko mlimani, lakini hilo ni jambo dogo.

Nitavuta kwa nguvu.